Pazia la Mama Mkwe

Mwita alitoka nyumbani Jumanne ile, tai shingoni na mkoba mkononi, na hakuwa na pa kwenda. Ilikuwa Oktoba ya mwaka 2013, na serikali kuu ya Marekani ilikuwa imefungwa, kwa kuwa wakubwa walishindwa kuelewana juu ya bajeti. Makarani kama yeye waliambiwa wakae makwao, bila mshahara, mpaka wakubwa hao wapatane. Wakae makwao! Anayesema hivyo hajui nani alikuwa kwake Mwita.

Kwake, katika nyumba ya vyumba viwili ghorofani huko Adelphi, kando ya mji mkuu, alikuwamo Bibi Robi, mama mzazi wa mkewe Ghati, aliyetoka Tarime kuja kumlea mjukuu. Na Mkurya aliyelelewa vizuri hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Kabla ya safari wazee walikaa kikao wakaamua kwamba bahari imefuta baadhi ya miiko, kwa hiyo mama aweza kulala nyumbani kwa mkwe. Mengine yote yabaki. Na yangebaki bila taabu, maana Mwita alizoea kutoka alfajiri na kurudi jioni, akipita sebuleni macho chini mpaka chumbani. Nani angedhani serikali ya Marekani nayo inafungwa, kama duka la kijijini siku ya msiba?

Tena hilo la kukaa chumba kimoja ni dogo. Lililomtoa jasho ni jingine. Ghati alijifungua kwa upasuaji na kidonda kilikuwa bado kibichi; hata kapu la nguo alikatazwa kuinua. Alimhitaji mama yake. Na Bibi Robi alijulikana ukoo mzima: hakai kwenye nyumba yenye dhiki. Kule Musoma, kwa binti yake mkubwa, alisikia tu kwamba mkwe ameachishwa kazi, akafunga mzigo na kupanda basi siku hiyo hiyo, asije akawa mdomo wa ziada. Akiyajua ya Mwita, angeomba kupelekwa uwanja wa ndege.

"Basi asijue," alisema Mwita.

"Huwezi kumficha mama yangu kitu," alisema Ghati. "Lakini jaribu."

Akajaribu. Kila asubuhi alivaa, akaaga kwa sauti, akatoka. Makumbusho yote ya bure mjini yamefungwa. Bustani ya wanyama imefungwa. Alikwenda kukaa kwenye benchi katika hifadhi ya taifa, akakuta uzio na kibao kinachosema pamefungwa. Benchi, jamani. Mwita alilitazama sana, akijiuliza linazimwa wapi.

Kilichomwokoa ni maktaba ya kaunti, kwa kuwa kaunti ina mfuko wake, na mabasi yake na shule zake ziliendelea kama kawaida. Dada wa mapokezi aliitazama ile tai akajua. Akamwelekeza kwenye meza iliyojaa watu wenye tai kama yake, akaeleza bila haraka: jimbo linatoa posho ya wasio na kazi, aombe leo, ampigie mwenye nyumba kabla mwenye nyumba hajampigia, kwa shida nyingine apige simu namba mbili-moja-moja, ataelekezwa. Na Alhamisi kuna kanisa pale barabara ya University linalogawa chakula, hawaulizi kitu ila anwani.

Yote Mwita aliyafanya, isipokuwa kanisa. Kanisa lile alilijua. Kila Krismasi yeye ndiye aliyekuwa akipeleka magunia ya mchele pale, akishikana mikono na mchungaji. Leo akapange foleni? Hata kidogo.

Jumatano usiku Ghati alimnong'oneza. "Unga umekwisha. Mama ameuliza kwa nini ugali wa nyumba hii siku hizi unanyweka."

Mficha uchi hazai. Alhamisi Mwita akaenda, kofia imemfika kwenye nyusi.

Foleni ilikuwa ndefu, na baadhi ya wale wenye tai wa maktaba walikuwamo. Alisimama akitazama viatu vyake, na alipoinua macho akaona, watu wawili mbele, koti kubwa la bluu. Koti lile alilinunua mwenyewe. Ndani ya koti alikuwamo Bibi Robi, kitenge kichwani na kikapu mkononi, na ubavuni mwake Nyaguthii, jirani yao wa chini, Mkenya anayetunza wazee, ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe.

Mwita aligeuka akampa mama mkwe mgongo. Bibi Robi alikwisha kumwona. Naye akageuka, akajivuta kitenge hadi machoni. Foleni ilipotembea, Mwita akatembea kinyumenyume. Akajikuta anatazamana na mzee mmoja wa El Salvador, aliyedhani anataka kusalimiwa. Wakasalimiana.

"Mwita, si ni wewe?" Nyaguthii aliita. "Kuja hapa mbele, mama ya Ghati ako hapa."

"Nyaguthii, mwambie mama shikamoo."

"Si umwambie mwenyewe? Ako hapa tu."

"Mwambie."

Nyaguthii alishusha pumzi. "Mama, anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba," alisema Bibi Robi, akiuambia ukuta. "Muulize, kazini hawajambo?"

"Anauliza kazini hawajambo."

Mwita aliivuta kofia chini zaidi. "Mwambie hawajambo."

"Mwambie namshukuru Mungu," alisema Bibi Robi. "Maana mimi Kiingereza sijui, lakini kwenye televisheni juma zima nimeona milango yao imefungwa."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mwita iliishia pale, kati ya viazi na makopo ya maharagwe. Aibu ilimshika mpaka masikioni. "Mwambie anisamehe," alisema. "Niliogopa ataondoka, na Ghati hawezi hata kumwinua mtoto."

Nyaguthii alifungua mdomo kutafsiri, akakuta hakuna haja. Bibi Robi akasema polepole, "Mwambie Musoma palikuwa na mdomo mmoja wa ziada. Hapa pana mikono miwili pungufu. Nimekuja kutafuta unga, sijaja kutafuta ndege."

"Na mimi nitalipwa na nani kwa hii kazi ya ukalimani?" aliuliza Nyaguthii, lakini alikuwa anajifuta jicho.

Mezani waliulizwa anwani, wakataja ile ile. Nyumba moja, sanduku moja, alisema mhudumu, na ni zito, mlibebe wawili. Lilikuwa na mchele, maharagwe, unga na boga kubwa juu. Nyaguthii alijitolea kusaidia, Bibi Robi akakataa. Mgongo wa Tarime haujazeeka. Wakasimama wakipeana migongo, sanduku katikati, kila mmoja akishika kwa mikono ya nyuma, wakaondoka upande upande kama kaa. Nyaguthii alitangulia na kikapu akiwaongoza: kushoto, ngazi, mngoje gari lipite. Wale wenye tai kwenye foleni walivua kofia, wakidhani ni ibada.

Jioni ile Bibi Robi alifungua kitenge chake kipana akakitundika katikati ya sebule. Upande wa dirisha wa kwake, upande wa mlango wa Mwita. Tangu siku hiyo hakuna aliyetoka bila pa kwenda. Walizungumza kutwa, wote kupitia kwa mtoto. "Ethan, mwambie baba yako boga limeiva." "Ethan, muulize bibi, mvua zimenyesha Tarime?" Ethan alikuwa na umri wa majuma matatu na habari zote za ukoo zilipitia kwake. Alipochoka kulia upande mmoja alipitishwa chini ya kitenge kwenda wa pili. Ghati alilala, kidonda kikapona.

Kisha wakubwa wakapatana. Asubuhi Mwita alifunga tai, akachukua mkoba, akaaga. Alikuwa ameshika kitasa aliposikia sauti nyuma ya kitenge.

"Ethan, muulize baba yako, huko kazini watafunga lini tena?"

Mwita alisimama pale, safari hii akiwa na pa kwenda, na miguu haikutaka.

"Mwambie bibi sijui," alisema. "Lakini pazia asilitoe."