Alama Sikioni

Dolina alikuwa amewapikia wageni wa Meza ya Bwana tangu alipoolewa, na mezani penyewe hakuwahi kuketi hata siku moja. Kila yalipofika majira ya Meza, watu wa vijiji vya mbali walimiminika kwenye kanisa lao kisiwani Lewis, na nyumba yake ikajaa, wengine vitandani, wengine sakafuni, yeye jikoni na viazi na samaki wa chumvi. Jumapili wageni hao walikwenda mbele kula mkate na kunywa divai. Yeye alibaki viti vya nyuma na wenzake wengi. Watu hao hawakuiba, hawakulewa wala hawakukosa ibada, lakini walizeeka huko huko nyuma kwa kuogopa kwamba labda hawajaokoka kweli.

Dolina alikuwa na sababu yake. Baba yake, Alasdair, alikwenda mbele akiwa kijana. Baadaye mashua ilizama na wanawe wawili, akaingia kwenye ulevi, na wazee wa kanisa wakamwondoa mezani. Alikufa hajarudishwa. Watu walisema, tena kwa upole, jambo lililouma zaidi, kwamba basi hakuwa ameokoka tangu mwanzo. Dolina akaamua moyoni: kuliko aende aanguke, heri asiende kabisa.

Mwaka huu, Alhamisi, wakimenya viazi, alimwambia binti yake Kenina kwamba Jumamosi anakwenda kuomba kibati, kile kipande kidogo cha chuma ambacho wazee humpa waliyemkubali. Asiye nacho haketi mezani.

Kenina akaweka kisu chini. "Mama, unaumwa?"

"Nimechoka kupika karamu nisiyoila. Menya."

"Na mjomba Finlay je? Si ndiye atakayekuhoji?"

"Finlay nimemfuta makamasi mimi. Ataniuliza, nitamjibu."

Ijumaa ilikuwa siku ya Swali. Siku hiyo mzee mmoja husimama kanisani na kuuliza mtu aliyeokoka kweli hutambulikanaje, kisha wanaume huitwa kwa majina wajibu, na wanawake husikiliza. Finlay, mtoto wa baba mdogo wake Dolina na mmoja wa wazee wa kanisa, alisema aliyeokoka hutambulika kwa kudumu hadi mwisho. Anayeachia njiani amejionyesha mwenyewe alivyo. Hakutaja jina la mtu, na wala hakuhitaji. Mzee Evander, mfumaji wa sufu, akainuka kwa shida akasema kwamba kilichoshikwa na mkono wa Kristo hakichomoki, kisha akakaa. Jibu la Dolina lilimchemka kifuani, akalimeza. Kwa desturi yao kulikuwa na mahali pamoja tu kanisani ambapo mwanamke alilazimika kufungua kinywa: mbele ya wazee, anapoomba kibati. Basi angesema huko.

Jumamosi, baada ya ibada ya mchana, aliingia chumba cha wazee na koti lake jeusi, akaketi kabla hajakaribishwa. Mchungaji alimuuliza habari za imani yake, naye akajibu kwa ufupi. Zamu ya Finlay ikafika. Finlay alikohoa, akatazama viatu vyake, kisha akauliza alichokuja kuuliza.

"Dada, na ukianguka kama baba mkubwa?"

"Tuanze na kondoo," alisema Dolina. "Alama ya babu yetu unaijua. Ncha ya sikio la kushoto imekatwa, la kulia lina tundu. Kondoo wako akivuka kilima akashinda na kundi la kijiji kingine mwaka mzima, ni wa nani?"

"Nikiona sikio, ni wangu. Lakini nimewahi kuvuta topeni kondoo mwenye alama hiyo hiyo, nikakuta amekufa. Alama haikumwokoa."

Lilikuwa jibu zuri, na Dolina alijua hivyo.

"Haikumwokoa," alisema, "kwa sababu wewe mwenye kondoo ulikuwa umelala. Ninayemsema mimi halali."

Mzee Evander alijifanya anapiga chafya.

Finlay hakucheka. Aliuliza kama basi mtu akishapata alama anaweza kuishi apendavyo.

"Baba hakuishi apendavyo. Nilikuwa naye nyumba moja. Kila asubuhi alifungua Biblia mikono ikimtetemeka, akashindwa kusoma. Nikasoma mimi, yeye akalia. Mtu aliyeondoka moja kwa moja hulilia mlango afunguliwe, Finlay?"

Mchungaji ndiye aliyeuliza, taratibu, kama yeye Dolina atadumu.

"Sijui, mchungaji. Najua kesho nitaamka nije, na keshokutwa nitaamka tena. Nikianguka, mtanikuta nimeangukia humu ndani. Nje siendi."

Wakamtoa nje kidogo, wakashauriana, wakamwita. Finlay ndiye aliyekuwa na mfuko wa vibati. Alisema kwamba la baba mkubwa hawataweza kulimaliza wao, na kwamba hakubaliani naye habari ya kondoo. Kisha akatoa kibati, akakiweka kiganjani mwa Dolina, akavifunga vidole vya dada yake juu ya kibati kama mtu anayemkabidhi mtoto sarafu ya dukani.

Jumapili meza ndefu ilitandikwa kitambaa cheupe na zaburi ikaanza. Dolina akasimama. Kanisa zima liligeuka, hata waliokuwa wakisinzia. Miguu yake ilimwambia arudi. Akaipeleka. Kwenye kichwa cha meza alisimama Finlay akipokea vibati. Alipokea cha Dolina bila kumtazama, kisha akamwonyesha kwa kidevu nafasi iliyokuwa wazi, upande wa dirisha. Wote wawili walijua nani alikuwa akiketi hapo zamani. Dolina akaketi. Mkate ulipomfikia akamega, akala, akampitishia jirani.

Ibada ilichelewa kwisha. Nyumbani supu iliyopikwa jana yake na kuachwa motoni ilikuwa imeshika sufuria, na Kenina akaanza kuwaomba radhi wageni mmoja mmoja.

"Acha," alisema Dolina, akifunga aproni. "Wataila hivyo hivyo. Mimi nimeshakula."