Muulize Mwenyewe

Mwaka ule Colleen Radke alizunguka vyuo vingi mpaka angeweza kuwatembeza watu yeye mwenyewe. Maktaba ni kubwa, chakula ni kitamu, walimu wanakujua kwa jina. Ukimwambia afumbe macho akueleze kipi ni kipi, hawezi. Lakini kila Jumamosi alikuwa barabarani na binti yake Britta kiti cha pembeni, maana Britta alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na kwao Ohio mwaka huo anayekonda ni mzazi.

"Tumeshamaliza insha ya kuombea nafasi chuo cha Brandreth?" aliuliza, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye donati.

"Mama, insha ni yangu."

"Si ndiyo nasema. Tumemaliza?"

"Wewe umemaliza. Mimi nimeisoma. Huyo msichana uliyemwandika ni mtu mzuri sana, natamani siku moja tuonane."

"Acha maneno yako. Nimenyoosha sentensi mbili tatu tu."

"Umeandika napenda kutembea kando ya mito."

"Hupendi mito?"

Britta aligeukia dirishani. "Sijawahi kuifikiria."

Colleen alicheka, akamfuta binti yake sukari shavuni ilhali sukari yenyewe ilikuwa kwenye shavu la Colleen. Alimpenda mtoto huyu kuliko pumzi yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga chuo. Miaka yote amekaa mapokezi kwa daktari wa meno, anapokea simu kwa ile sauti yake ya asali, anawapangia watu siku za kung'olewa. Britta asije akakaa kwenye kiti kile. Hilo tu ndilo alilokuwa akimwomba Mungu.

Chuo cha Brandreth kilikuwa juu ya vilima vya Pennsylvania, majengo ya mawe, miti ya Oktoba imewaka rangi zote. Mahali pazuri. Ila palikuwa kimya mno kwa chuo chenye vijana. Hakuna mpira uliorushwa, hakuna muziki dirishani, hakuna hata kindi aliyekatiza njia. Mapokezi kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani, akamtazama Britta na kumuuliza kwa upole, "Jina lako nani, mpenzi?"

"Britta Radke," Colleen akajibu. "Kwa t mbili."

Yule mama akamhamishia Colleen macho, akatabasamu, na kuanzia hapo hakumtazama Britta tena.

Mtembezaji wao alikuwa kijana mrefu mwenye koti jekundu, jina lake Anselm. Colleen kwa mazoea ya kazi aliangalia meno kwanza. Yalikuwa mazuri. Mazuri kupita kiasi, kama ya sampuli pale kliniki, hayajawahi kutafuna kitu. Kundi lenyewe lilikuwa dogo, wazazi na watoto wao, kila mzazi na faili kwapani, kila mtoto mikono mfukoni. Anselm akawageukia, akaanza kutembea kinyumenyume.

Hilo halikumshtua mtu. Watembezaji wa vyuo wote ndivyo wanavyotembea, ili mzungumze mnatazamana. Colleen alikuwa na mchezo wake wa kungoja nani atajikwaa. Kule Michigan mmoja aliingia kwenye pipa la taka huku anasifia usalama. Lakini wale wengine huchungulia nyuma mara mojamoja. Huyu hakuchungulia. Alipanda ngazi za mawe zilizojaa majani yaliyolowa, akapinda kona, akapita katikati ya nguzo mbili nyembamba, na muda wote macho yake yako kwao, kama vile njia ndiyo inayompisha.

"Huyu ana macho kisogoni," Colleen akamnong'oneza binti yake.

"Au amepita hapa mara nyingi sana," Britta akasema, na hakucheka.

Anselm alikuwa na maswali kwa kila mtoto. "Na wewe, Britta, ungependa kusoma nini?"

"Biolojia," Colleen akasema. "Halafu tunaendelea na udaktari wa wanyama."

Britta alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga.

"Vizuri sana," Anselm alimwambia Colleen. "Na baada ya masomo unapenda kufanya nini?"

"Anapiga klarineti. Na anajitolea kituo cha mbwa, tangu darasa la nane."

"Vizuri sana."

Si Colleen peke yake. Baba mmoja mwenye kofia alikuwa anamjibia mwanawe mambo ya hesabu, na mama mwingine alikuwa ameshika mkono wa binti yake anamsemea kama bibi harusi. Ikawa kama mnada. Njiani Britta alisema kitu, Colleen akamwambia, "Ongea kwa sauti, mwanangu, sikusikii." Britta akarudia. Midomo ilicheza, na Colleen akasikia majani tu chini ya viatu.

"Umepata mafua?"

Britta alijishika koo. Akamtazama mama yake kwa jicho ambalo Colleen alikuwa hajaliona tangu siku ile mtoto alipozama kidogo ziwani, akiwa mdogo.

"Hapa ndipo tunapoachana," Anselm akasema, wamefika kwenye jengo lenye milango mikubwa. "Wazazi watapumzika ukumbini, kuna kahawa. Wanafunzi wanakuja nami. Si mbali."

Colleen alitaka kusema ngoja kwanza, mtoto anaumwa. Lakini wazazi wote wameshaanza kuingia, na hakuna mzazi anayetaka kuwa ndiye yule mwenye kelele, jina likaja kukumbukwa vibaya siku ya kuchagua wanafunzi. Akaingia.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Hapo ndipo Colleen aliposita mlangoni, kwa sababu kundi lao lilikuwa dogo, na hawa walikuwa wengi, wamekaa ukutani kwenye viti virefu, wamevaa masweta yaliyoandikwa Mama wa Brandreth, Baba wa Brandreth. Yapo yaliyopauka mpaka maandishi hayasomeki. Kahawa mikononi mwao haikuwa na mvuke, na hakuna aliyekuwa anakunywa.

Mwanamke mmoja akamsogezea nafasi. Nywele zake zilikuwa zimetunishwa na kupuliziwa dawa, na koti lake lilikuwa na mabega ya sponji, kama kwenye picha za zamani za harusi ya dada yake Colleen.

"Karibu, dada. Mimi Lenore. Wangu anaitwa Curtis, anataka uhandisi." Alikuwa mchangamfu, mtu wa kawaida kabisa. "Umeona kibanda cha simu huko nje? Nataka nimwambie mume wangu tutachelewa kidogo."

"Chukua yangu." Colleen akampa simu ya mkononi.

Lenore aliipokea, akaigeuzageuza kama mtu aliyepewa kipande cha sabuni, akairudisha kwa adabu. "Asante, nitatafuta kibanda."

"Mmekuja lini, Lenore?"

"Asubuhi. Ziara ndefu kidogo, au siyo?" Akacheka. Kisha akainama karibu, na sauti ikashuka. "Nikuulize kitu, wewe ni mama mwenzangu. Curtis akija hapa namuuliza maswali, tunafanya mazoezi ya mahojiano. Anajibu vizuri sana siku hizi. Hakosei hata neno. Ila anajibu kwa sauti yangu."

"Sauti yako vipi?"

"Yangu hii. Hii unayoisikia." Lenore akatabasamu, macho yamejaa maji. "Najaribu kukumbuka yake ilikuwaje, haiji. Nzito? Nyembamba? Lakini si kitu, bora achaguliwe. Wako anataka nini?"

Kwa mara ya kwanza mwaka ule Colleen hakujibu. Alisimama akaenda dirishani.

Kule uwanjani Anselm alikuwa anawaongoza watoto. Anatembea kinyumenyume, na watoto wanaomfuata, kwenye mstari, nao wanatembea kinyumenyume. Nyuso zao zote zimeelekea ukumbini huku miguu inawapeleka mbali. Britta alikuwa wa mwisho. Alikuwa anamtazama mama yake moja kwa moja, na kila hatua anakuwa mdogo.

Colleen alitoka mbio, faili likamwagika sakafuni, na akaliacha. Alikimbia juu ya majani akiita jina la mtoto. Alipowafikia, mstari ulisimama, na Anselm akampokea kwa tabasamu lilelile.

"Umewahi, mama. Tumebakiza swali moja tu, ndiyo utaratibu wetu. Britta, unataka nini?"

Britta akafungua mdomo. Kikatoka kile kisauti cha asali cha pale kliniki, kile cha *habari za asubuhi, nikupangie siku gani*. "Biolojia. Halafu tunaendelea na udaktari wa wanyama. Tunapenda mito."

Midomo ya Britta, sauti ya Colleen. Na juu ya midomo hiyo, macho ya mtoto yanalia.

"Jibu zuri," Anselm akasema. "Mama, tulipokee? Ukiitikia kwa kichwa tu, nafasi ni yake. Leo hii. Hakuna kungoja majibu mpaka Machi, hakuna roho juu. Ameingia."

Tusimlaumu. Alisimama pale sekunde ambazo si chache. Alikuwa amelitamani neno hilo, *ameingia*, tangu Britta anajifunza kufunga kamba za viatu. Na jibu lilikuwa sahihi. Yeye ndiye aliyelitunga.

"Hilo si jibu lake," akasema.

"Jibu lake ni lipi?"

"Anataka..." Colleen alianza, na Britta akapiga hatua nyuma. Hakupenda, mguu ulivutwa. Colleen akajaribu tena, "Yeye siku zote amekuwa..." Hatua nyingine. Nyuma ya watoto palikuwa na mlango wa jengo jingine, uko wazi, na ndani hapakuonekana sakafu wala ukuta.

Akamtazama mtoto wake kuanzia unywele mpaka kiatu: kucha zenye mafuta meusi ambazo yeye humfokea kila Jumapili azisugue, kovu la kidevu, hereni moja. Akatafuta ndani mwake kitu ambacho mtoto huyu alimwambia anakitaka, yeye akakisikia. Hakukipata.

"Sijui," akasema. Neno lilimtoka kama jino. "Mimi ni mama yake na sijui. Muulize mwenyewe."

Anselm hakuuliza. Hakuna aliyeuliza. Kimya kikaja kikakaa, na hicho ndicho kilichomtesa Colleen kuliko mbio zote, maana maneno yalimpanda kooni, mengi, mazuri, yamenyooka. Mtoto alikuwa anahangaika, mdomo unafunguka haitoki hata pumzi, na kila kiungo cha mama kinasema msaidie, mwanzishie tu, mpe neno la kwanza. Akajiuma ulimi mpaka akaonja damu.

"Bo..." Britta akasema. Sauti ya kukwaruza, ya chini, kama mlango wa stoo. "Boti."

Colleen akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka, midomo ameibana.

"Nataka kwenda gereji ya boti. Kwa Bwana Dufek. Mwaka mmoja. Nilikwishamuuliza na amekubali." Akameza mate. "Chuo baadaye, nikitaka. Sijui kama nitataka."

Tabasamu la Anselm lilizimika. Halikufifia, lilizimika, kama taa. "Hapa hatuna nafasi ya hiyo," akasema, na mguu wa Britta ukaachiwa, akaanguka mbele, mikononi mwa mama yake. Alikuwa mzito, ananuka jasho lilelile ambalo mama yake alilijua.

Walishuka kilima nusu mbio, wameshikana mikono kama wanavuka barabara kuu. Pale ukumbini Lenore alikuwa mlangoni, na mbele yake kijana mwenye nywele ndefu za kisogoni, kimya.

"Lenore!" Colleen akapiga kelele. "Sema hujui! Mwambie hujui anachotaka!"

Lenore akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea. "Mimi nisijue? Dada, mimi ni mama yake." Akamnyooshea mwanawe kola. "Anataka uhandisi."

Waliendesha mpaka vilima vikaisha na mashamba ya mahindi yaliyovunwa yakaanza. Ndipo Colleen alipoegesha pembeni, akawasha taa za tahadhari, akaegemea usukani. Bwana Dufek. Yule mzee anayetukana propela. Alikuwa na mambo ya kusema kuhusu gereji hiyo, na mengine hata sasa yalikuwa yanamsukuma meno.

"Sema tu," Britta akasema. "Unavimba."

"Sisemi."

"Utapasuka, Mama."

"Nipasuke."

Wakacheka, wakalia kidogo, wakacheka tena. Britta akavua viatu, akaweka miguu kwenye dashibodi, na safari hii hakuambiwa aishushe. Sauti ilikuwa inamrudi polepole, na alikuwa anaitumia kama mtu anayejaribu mguu uliotolewa plasta. Alisema habari za injini. Alisema klarineti anaichukia. Halafu akageuka.

"Na wewe je? Ulipokuwa kama mimi. Ulitaka nini?"

Swali jepesi. Colleen akafungua mdomo amjibu.

"Kazi ya ofisi," maneno yakamtoka. "Ya kukaa kwenye kiti, yenye bima ya afya. Hivyo tu ndivyo alivyotaka."

Ilikuwa sauti kavu, ya mvutaji sigara, yenye lafudhi ya mtaa wa Wapolandi kule Toledo. Ilikuwa ya mama yake Colleen, ambaye walimzika miaka minne iliyopita.

Taa za tahadhari zikaendelea kupiga, tik, tik. Colleen alijishika koo kwa mikono miwili.

Britta akashusha miguu. Akamshika mama yake mkono, akausogeza taratibu kutoka shingoni, akaushikilia mapajani kwake.

"Sijamuuliza bibi," akasema. "Nimekuuliza wewe."

Kisha akamngoja.