Rangi Nyekundu Kwenye Skrubu

Mwenye mtoto anayepiga gitaa la mtu mwingine asome haya mpaka mwisho, halafu aende akamtazame mwanawe vidole. Maman Bolumbu wa mtaa wa Kintambo alivitazama vya mwanawe kila siku, na alilolijua hakulifanya mapema.

Likinda alikuwa na miaka ishirini na miwili alipopokelewa katika bendi ya Patron Mosengo. Gitaa alipewa, maana katika bendi ile kila kitu kilikuwa cha Patron, kuanzia maspika hadi mashati ya jukwaani. Lilikuwa gitaa la umeme, kuukuu, na nyuzi zake mbili nyembamba zilikuwa waya uliochambuliwa kwenye breki ya baiskeli. Mvua za Novemba zikaingia kwenye mbao, nyuzi zikainuka. Likinda akawa anazibonyeza kama mtu anayekamua blanketi.

Ugonjwa ule mama aliujua. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa redio na magitaa, na miaka kumi na saba yeye ndiye aliyemshikia magitaa yakifunguliwa. Alichukua sarafu za likuta, akazipachika chini ya uzi, katikati ya urefu wake, kupima nafasi. Kwa mumewe sarafu moja ilitosha. Hapa ziliingia tatu.

"Shusha vile vyuma vya darajani, vinavyobeba nyuzi."

"Vimeshalala chini kabisa, maman. Havina pa kwenda."

"Basi ni shingo, imeinama mbele. Tulegeze nyuzi, tufungue hizi skrubu nne za nyuma, tuweke kipande cha pakiti ya sigara ndani, mwisho wa shingo, upande wa tumbo la gitaa. Shingo itaegemea nyuma, nyuzi zitashuka zenyewe. Kazi ya saa moja. Lete bisibisi ya baba yako."

Likinda akaligeuza gitaa. Juu ya kila skrubu palikuwa na tone la rangi ya kucha, nyekundu, lililokauka.

"Patron ndiye aliyepaka. Kuna mtu zamani alifungua gitaa, akauza vya ndani, akarudisha vibovu. Sasa rangi ikipasuka tu, umefukuzwa. Vijana saba wanangoja mlangoni kwake, maman. Saba!"

"Na vidole?"

"Vitazoea."

Havikuzoea. Vilichanika, vikafunga, vikachanika tena. Alianza kuficha mkono wakati wa kula, akimega kwanga, ule mkate wa muhogo, kwa mkono mmoja. Mama akavaa kitenge chake kizuri, akaenda uwanjani bendi ilikofanyia mazoezi.

"Maman Bolumbu!" Patron akamlaki mdomo umejaa samaki. "Umekuja kuomba kazi ya kucheza? Kiuno bado kipo?"

Wapiga tarumbeta wakacheka.

"Nimekuja kwa ajili ya gitaa, Patron. Shingo imeinama. Niruhusu nilifungue hapa hapa, wewe ukitazama."

"Gitaa langu lifunguliwe na mama wa watu! Halafu mjini nitapita wapi?" Akajifuta vidole. "Mwambie mwanao akaze mkono. Gitaa si kwanga, kwamba ukilichemsha litalainika."

Wakacheka tena, na Maman Bolumbu akacheka nao kidogo, asije akamharibia mtoto nafasi yake. Kicheko hicho ndicho kinachomrudia hadi leo.

Wiki iliyofuata waya wenye kutu ulimkata Likinda kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Mama akakitia kwenye maji ya chumvi. Majirani wakasema ni mdudu wa kidole tu, atapasuka mwenyewe. Jumapili palikuwa na dansi ya mchana, na Likinda akaenda kidole kimefungwa kitambaa, uso umelowa jasho kabla hata hajapanda jukwaani. Mama alisimama mlangoni amzuie, akamwona anavyomtazama kwa kumsihi, akampisha.

Jumanne mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko.

"Mngekuja siku tatu nyuma," daktari wa hospitali alisema bila kuinua macho. "Sasa mfupa umeoza."

Kidole kikakatwa kwenye kiungo cha pili.

Patron hakuja hospitali. Alituma salamu, na neno kwamba Alhamisi ya wiki ijayo atapita kuchukua gitaa, kijana mpya ameshapatikana.

Jumatano ya wiki hiyo asubuhi, Likinda akiwa amesharudi nyumbani, Maman Bolumbu alitandika mkeka, akachukua bisibisi ya marehemu. Rangi ya kucha ilipasuka ikadondoka mkekani kama makombo. Alilegeza nyuzi, akafungua zile skrubu nne, akaitoa shingo. Akakata pakiti ya sigara, akakunja mara moja, akaweka, akafunga. Likinda alikuwa amelala, kaelekea ukutani. Mama alipoanza kukaza nyuzi, akamsikia:

"Sauti ya uzi wa pili bado iko chini."

Akakaza.

"Kidogo tena. Basi."

Sarafu moja iliingia. Ya pili ilikataa. Jua lilikuwa halijafika hata juu ya paa.

Alhamisi Patron akaja na kijana wake. Yule kijana alijaribu gitaa pale mlangoni, na vidole vikakimbia juu ya nyuzi kama havigusi kitu.

"Kumbe ni laini hivi!" Patron akashangaa. "Sasa mwanao alikuwa analalamika nini?"

Maman Bolumbu alingoja Patron aligeuze gitaa, azione skrubu zikiwa tupu. Alitaka azione. Maneno ya kumwambia alikuwa ameyapanga tangu alfajiri. Patron akalitia gitaa kwenye mfuko wake, akafunga, akaaga.

"Ameona?" Likinda akauliza kutoka ndani.

"Hakuligeuza."

"Mimi sijawahi kumwona akiligeuza," Likinda akasema.