Dakika Kumi na Mbili za Nahodha Mpya

Mimi si mtu wa kuhukumu haraka. Nimelisema hilo mara nyingi kwenye kituo chetu cha kuuzia majani chai, karibu na Sosiot, ambako nimekuwa karani wa mizani kwa miaka kumi na tisa. Siku hizi nikilianza, wakulima hulimalizia.

Kila Jumatatu hubandika ukutani, kando ya ratiba ya lori, ukurasa wa maoni yangu kuhusu tamthilia ya chombo cha angani inayoonyeshwa Jumapili alasiri. Hakuna aliyeniomba. Nilijifunza uhakiki kwa kusoma vipande vya magazeti yaliyofungiwa sabuni, ndiyo maana hakiki zangu nyingi huishia katikati.

Wiki moja nahodha wa zamani wa chombo hicho aliondoka, akaja mwanamke. Niliandika: "Nahodha mpya hafai. Sauti yake ni ndogo. Hawezi kuamuru hata mbuzi."

Wakulima walisoma wakiwa kwenye foleni, wakacheka. Quinter hakucheka. Alikuwa karani mpya kutoka Homa Bay, aliyeletwa kuchukua nafasi yangu nikistaafu. Ijumaa nilitakiwa kuiambia kamati ya kituo kama abaki au arudishwe.

"Mzee Kipkosgei," akauliza, "kipindi huchukua muda gani?"

"Saa nzima."

"Na jana stima ilipotea kikiwa kimefika wapi?"

Nilitazama mizani. Haikunisaidia.

"Dakika ya kumi na mbili."

Mama Rodah, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, aliweka gunia chini. "Weee! Na langu hulimwaga lote kwanza, ndio useme lina majani magumu!"

"Na mimi, mzee," Quinter akasema polepole, "umenipa dakika ngapi?"

"Wewe bado sijakuandika."

Huo ulikuwa uongo. Daftari lilikuwa mfukoni. Siku yake ya kwanza, kabla hata chai ya saa nne, nilikuwa nimeandika: "Sauti yake ni ndogo. Wakulima watamshinda." Niliandika hivyo mimi, ambaye kwa miaka kumi na tisa wakulima wamekuwa wakiniuliza, "Umesema nini, karani?"

Mchana Quinter alinipa simu yake. Alikuwa amepakua kipindi chote. Nilikaa nyuma ya kibanda nikakitazama hadi mwisho. Roboti ni ndoo iliyopakwa rangi, hilo silibadilishi. Lakini mabaharia walipompigia nahodha kelele, aliwaacha wachoke, kisha akatoa amri moja tu. Wakatii.

Nilikuwa nikiliandika hilo niliposikia zogo kwenye mizani. Quinter alikuwa amemwaga gunia. Chini ya majani laini kulijaa mabua magumu.

"Msichana, unajua hiyo chai ni ya nani?" akauliza mkulima mmoja.

Quinter alingoja watu wanyamaze. "Ya yeyote. Irudi ikachambuliwe."

Alisema kwa sauti ya chini, na foleni nzima ilisogea karibu ili kumsikia.

Gunia lilikuwa langu, la chai ya shambani kwangu. Nililifunga mwenyewe bila kuchambua, Jumapili stima ilipopotea, nikiwa na hasira na nahodha.

Mama Rodah alicheka hadi akajishikilia ukutani, juu ya ukurasa wangu. Nilichuchumaa nikaanza kuchambua, na Quinter akaita, "Anayefuata."

Ijumaa niliiambia kamati kwamba abaki. Waliniomba nirudie, kwa kuwa hawakusikia.