Tivaevae ya Mama Ngametua

Mwalimu Mereana hakuamini sana wema unaotendwa kwa ratiba ya shule, lakini aliamini kwamba mtoto hashoni vizuri kitambaa kisicho na mwenyewe. Ndiyo maana, katika mwaka wake wa kwanza kisiwani Atiu baada ya kulelewa Auckland, alivikataa vile vitambaa vya majaribio vilivyokuwa vikiishia jalalani, akaliamuru darasa zima lishone tivaevae moja, blanketi la majani mekundu juu ya kitambaa cheupe, kwa ajili ya mzee anayeishi peke yake. Mkuu wa shule alikubali kwa sharti: lalamiko la kwanza kutoka kijijini lingekuwa mwisho wa somo la kushona.

Kura ilimwangukia Mama Ngametua. Siku ya kulipeleka, Mereana alimpakia Tepaeru, mwanafunzi mwenye mishono mirefu na subira fupi, nyuma ya pikipiki yake, blanketi amelikumbatia kifuani. Walipokaribia lango, msichana akauliza:

"Mwalimu, kwani Mama anaumwa sana?"

"Nani kasema?"

"Hakuna. Ila tivaevae hupewa mtu akiolewa, na Mama nani atamwoa, labda kipofu. Hupewa mvulana siku ya kukatwa nywele mara ya kwanza, na Mama si mvulana. Imebaki kuzikwa nayo."

Mereana akafunga breki. "Mmeshona muda wote huu mkijua?"

"Tulidhani nawe unajua. Nani angemhoji mwalimu?"

Kurudi hakukuwezekana. Mama Ngametua alikuwa barazani, amewaona, na ameuona mzigo.

Alilitandaza blanketi magotini. Kisha akaligeuza upande wa nyuma, mahali ambapo mshonaji hawezi kudanganya, akapitisha kidole polepole. Mereana alipanga moyoni maneno ya kuomba radhi, akaona hayatoshi.

"Mmeniletea sanda," alisema Mama.

"Mama, hatukukusudia..."

"Nyamaza kwanza, mwanangu. Nimeshona hizi maisha yangu yote. Kila mtoto aliyehamia New Zealand aliondoka na moja, na wa mwisho akabeba hata ile niliyojiwekea mwenyewe, eti kule kuna baridi. Usiku usingizi hauji, nawaza: nitazikwa ndani ya blanketi la dukani lenye picha ya chui. Nitamwambia nini marehemu mume wangu? Yule alikuwa akiogopa hata paka."

Tepaeru alicheka, akajiziba mdomo. Mereana alihisi mabega yake yakishuka. Hakuwa amejua kwamba yalikuwa yamepanda.

"Jani hili nani kalishona?"

"Mimi, Mama," alijibu Tepaeru.

"Baya. Mishono imeachana kama meno yangu. Silali chini ya jani hili mpaka kiyama. Lifumue."

Darasani Tepaeru hakuwahi kufumua hata mshono mmoja bila ubishi. Sasa aliketi mkekani, akafumua, na alipofika ncha ya jani aliuliza mwenyewe kama arudie na shina lake. Mereana alitambua kwamba somo la kushona limepona, na kwamba yeye hakuchangia chochote katika kupona huko. Akainuka kuaga.

"Unakwenda wapi, mwalimu?" Mama alikuwa bado akipapasa kitambaa. "Na hili la pembeni, lililopinda kama mkia wa nguruwe, la nani?"

Lilikuwa lake. Akaketi.