Pumzi Zilizopotea Ngazini

Nchi ya Fukuto ililala katika bonde la duara mfano wa bakuli, na katikati ya bakuli hilo, mahali ambapo nchi nyingine zingeweka soko au kaburi la mwasisi, iliketi Birika Kuu: chombo cha chuma kilichozidi nyumba kwa ukubwa, chenye kitambi, shingo fupi, na ribiti elfu tatu za kushikiza mabamba, zilizopangwa kiunoni kama shanga. Mvuke wake ulipita katika mabomba hadi kila kitongoji, ukasukuma vinu, ukazungusha mitambo ya kufumia, ukanyoosha kanzu za waungwana na kuivisha maharage ya wasio na kanzu. Nguvu ya mvuke huo ilihesabiwa kwa pumzi, na Wafukuto walipokutana njiani hawakujuliana hali kama watu wengine, waliulizana, "Pumzi ngapi?" na kila mmoja akajibu kwa kadiri ya siku yake.

Juu ya kilima kilicholichungulia bonde palisimama Kasri la Mtukufu Tamalaki, mtawala aliyeamini kwamba nchi huonekana vyema zaidi kadiri inavyoonekana ndogo. Kila mwaka, katika Sikukuu ya Ghorofa, aliliongezea Kasri ghorofa moja na kuhamia humo na vitu viwili ambavyo sheria ilivifanya pacha: Kiti chake na Kipimo Mama. Kipimo Mama kilikuwa cha shaba, cha duara, chenye mshale mmoja mweusi, nacho kilipokea habari za Birika kwa bomba jembamba lililojaa maji, lililopanda kilima na kuta za Kasri hadi mkononi mwa mtawala. "Penye Kipimo Mama ndipo penye Kiti," ilisema sheria, "na mkono usio wa mwenye Kiti usikiguse." Kwa hiyo kila ghorofa iliyohamwa ilibaki na bomba lake la zamani ukutani, limefungwa kwa kizibo, likiota kutu ya kijani.

Kipimo cha bondeni, kilichofungwa kwenye Birika lenyewe, hakikuwa na heshima hiyo. Kazi yake ilikuwa kukubaliana. Waashiria wa Kasri walipandisha bendera barazani, kila bendera pumzi kumi na kila kitambaa kidogo pumzi moja, na fundi wa vipimo huko chini alikaza skrubu mpaka mshale wake useme kama bendera zilivyosema.

Fundi huyo alikuwa Timazi binti Mwako, msichana mwenye vidole vyembamba na subira ya sindano, na mama yake, Bi Mwako, alikuwa mkuu wa wachocheaji wa moto. Mwaka ule Kasri lilipofikisha ghorofa ya tisa, bendera zilionyesha arobaini, na Timazi akaikaza skrubu hadi ikasaga mwishoni mwa mikato yake, haina pa kwenda tena.

"Mwanangu," mama yake alimwuliza, "unakaza skrubu ama unasonga ugali?"

Wachocheaji wakacheka, lakini Timazi hakucheka. Alilifungua daftari la karakana, akasoma maandishi ya fundi aliyemtangulia na kuyalinganisha na ya kwake, na akaona jambo lililomkalisha juu ya gogo la kuni: kwa miaka tisa kipimo cha bonde kilikuwa kimerudishwa nyuma pumzi mbili kila mwaka, si zaidi wala si pungufu, na daima siku ileile ambayo Kasri lilirefuka. Birika halikuwa limedhoofika. Kipimo Mama kilikuwa kimepanda ngazi.

Nao wakubwa, wakiona mshale wao unashuka, walikuwa wamefikia uamuzi mmoja: bonde ni vivu. Walikuwa wameagiza kuni zaidi kila mwaka, na tundu la kupumulia la Birika walilizibia kwa lakiri ya risasi, kwa sababu mluzi wake ulimkatiza Mtukufu usingizi wa mchana. Sasa amri mpya ilikuwa imeshuka: siku ya mwisho ya Sikukuu, jua litakapofika utosini, bendera ziwe tano. Zisipokuwa tano, Bi Mwako ataondoka Fukuto na asirudi.

Timazi alilitazama tumbo la Birika, ambapo waliolifua walikuwa wamechora maneno mawili, *Sabini, basi*. Akafanya hesabu: bendera tano kule juu zingemaanisha Birika kupita sabini huku chini, na kupasuka. Kisha akaziona ribiti zikitoa machozi ya mvuke, akaelewa kwamba mama yake angefukuzwa kwa kutotii au angefukiwa kwa kutii.

"Usiongeze hata kijiti mpaka nirudi," alimwomba.

"Nina maharage ya kuchambua," alijibu Bi Mwako, akaegemeza mgongo kwenye rundo la kuni kama mwenye nchi.

Asubuhi ya siku hiyo ya mwisho Timazi alipanda ngazi mia mbili akiwa na spana katika mfuko wa aproni. Ghorofani alimkuta Mtukufu Tamalaki kwenye Kiti, na kando yake Waziri Mwafaka, mtu ambaye shingo yake ilikuwa imelegea kwa kuitikia. Timazi alieleza kwa heshima zote kwamba Kipimo Mama hakina kosa, ila kimekaa mahali pa kosa. Waziri aliuliza kama binti huyu anadai kwamba shaba ya Mtukufu inasema uongo.

"Haisemi uongo, Mheshimiwa. Inasema kilichofika," alisema Timazi. "Pumzi ikitoka bondeni imebeba maji begani hadi ghorofa ya tisa, inafika imechoka. Anayeipokea hapa huiona ndogo. Anayeituma kule anajua ilivyokuwa."

Waziri alishauri apimwe akili. Lakini Mtukufu, aliyekuwa hajasikia jambo jipya tangu ghorofa ya tatu, aliuliza jambo hilo litathibitishwaje. Timazi akasema kipimo kishushwe ghorofa moja, kifungwe kwenye bomba la zamani, kisomwe. Na kwa kuwa sheria haikuruhusu mkono mwingine kukigusa, hapana budi Mtukufu akibebe mwenyewe.

Ndipo Fukuto ilipoona jambo lisilopata kuonekana: mtawala akishuka ngazi, amekumbatia duara la shaba kama mtu aliyebeba mtungi, nyuma yake wapagazi wanane na Kiti, maana penye kimoja sharti pawe na kingine, na nyuma ya Kiti Waziri akihema. Katika ghorofa ya nane Timazi alizungusha spana kwenye bomba, Mtukufu akakishika kipimo, mshale ukainuka: arobaini na mbili. Ghorofa ya saba, arobaini na nne. Mtukufu akaanza kuharakisha. Alipita vyumba alivyovisahau, akaviona viatu vyake vya zamani na kasuku aliyeachwa ghorofa ya sita, ambaye bado aliamuru kuni.

Katika ghorofa ya nne mshale ulisimama kwenye hamsini kamili.

"Hongera, Mtukufu," alisema Waziri, akikaa kwenye ngazi. "Amri imetimia. Tupandishe bendera tano, tule pilau."

Timazi aliishusha spana. Hamsini ilikuwa ndiyo iliyotakwa. Angenyamaza tu, mama yake angebaki na bonde lake. Akakitazama kijia kilichoteremka kilimani, na moshi uliokuwa chini yake, akakumbuka ribiti zinazolia.

"Mtukufu," alisema, "bado hatujafika bomba linakotoka."

"Kumebaki nini huko?"

"Ghorofa tatu, kilima, na watu."

Mtukufu alimtazama Waziri aliyekaa, kisha mshale, na udadisi ukamshinda. Walishuka.

Wachocheaji walipomwona walisimama na makoleo yao, hawajui kama wapige magoti au wafiche maharage. Timazi alikiondoa kipimo cha kukubaliana, Mtukufu akaweka Kipimo Mama mahali pake, na spana ikakikaza hasa. Mshale ulipanda ukaivuka hamsini, ukaivuka sitini, ukasimama ukitetemeka kwenye sabini na mbili. Mtawala alisoma maneno yaliyochorwa kwenye tumbo la chuma, akanyoosha mkono ayaguse.

"Karibu, Mtukufu," alisema Bi Mwako. "Hapo usiegemee, panaunguza."

"Limekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu ghorofa ya nane lilifika mwisho. Ya tisa tunaishi kwa dua."

Mtukufu alikunja mikono ya kanzu. Kisha, kwa mkono wake mwenyewe, aliivunja lakiri ya tundu la kupumulia. Mluzi ulipaa juu ya bonde, mrefu, mwembamba, wenye furaha ya mtu aliyevua viatu vya kubana. Watu walitoka vinuni na kwenye mitambo, wakauliza pumzi ngapi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa wakajibiwa ukweli: sitini, na zinashuka.

Alasiri, Kiti kikiwa juu ya gogo la kupasulia kuni, Mtukufu alijifuta jasho na kusema kwamba sasa angependa kurudi juu, kipimo kifunguliwe.

"Nitakifungua nikimaliza kukihakiki, Mtukufu."

"Huchukua muda gani?"

"Mpaka kikubaliane na Birika."

"Kimekubaliana nalo sasa."

"Sasa, ndiyo," alisema Timazi, akiirudisha spana katika aproni. "Lakini Birika hubadilika kila siku."

Hadi leo Wafukuto hawajakubaliana kama Mtukufu Tamalaki hukaa pale kwa kupenda au kwa kufungwa na sheria yake. Wengine husema amejifunza kuchambua maharage, na kwamba anaujua mluzi wa sitini na ule wa sitini na tano akiwa amefumba macho. Wengine humwona akitazama kilima. Waashiria wa Kasri, wasio na wa kuwaambia, husoma bendera zinazopandishwa bondeni, na kasuku amebaki peke yake akiamuru kuni.

Ila juzi Waziri Mwafaka alionekana akilizunguka Birika kwa kamba ya kupimia, akiuliza kwa sauti ya chini kama chuma hiki kingeweza kubeba ghorofa moja, ndogo tu. Timazi alimwomba amshikie ncha ya kamba, akaikunja yote mpaka mkononi mwa Waziri, akaichukua, akaitundika msumarini, kando ya spana.