Katoni ya Vidonge

Chadia alishuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi ya forodha, Kasongo, baada ya siku mbili za barabara mbaya kutoka Kabambare. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Figo aliyopewa na dada yake Subira, waliyoifuata hadi India, ilikuwa na miaka minne mwilini mwake. Bila vidonge asubuhi na jioni, mwili wake ungeikataa. Vya jana jioni hakuwa navyo.

Katoni ya dawa aliyotumiwa kutoka nje ya nchi ilikuwa juu ya meza, chef Zacharie, mkubwa wa ofisi, ameiegemezea kiwiko.

"Lete atestasio, karatasi ya daktari ya kuthibitisha," alisema. "Hii dawa hatuijue."

"Nimekuonyesha ordonansi niliyoandikiwa dawa."

"Ile ni ya Kinshasa. Miye nataka ya hapa."

Akaenda hospitali, akakaa kwenye benchi mpaka jua likawa kali. Daktari alimtazama tumbo kabla ya uso.

"Mama, nani alikuruhusu kubeba mimba na figo ya kupewa?"

"Daktari wangu. Alinibadilishia kidonge kimoja, tukangoja mwaka muzima. Anafuatilia vipimo vya damu yangu kila mwezi."

"Basi yeye atie sinyatire kwenye karatasi. Ukifa, watasema ni miye. Toa kwanza hiyo mimba, kisha tutaongea."

Chadia aliinuka. Subira alikuwa kijijini Lusangi na kovu lake ubavuni, akilima mihogo kwa figo moja, na hapa mtu mwenye kalamu mfukoni anaogopa kuandika mistari miwili.

Alirudi ofisini. Akaivuta katoni kutoka chini ya kiwiko cha Zacharie, akapasua utepe wa gundi kwa meno, akatoa vidonge vya mara moja, akavimeza kwa mate tu.

Zacharie alisimama, akamnyang'anya katoni. Askari wa mlangoni akasogea.

"Unaiba kitu cha Serikali, mama."

"Serikali haikuninunulia hata kimoja. Vilivyobaki, chunga. Jioni nitakunywa tena. Na kesho. Nitanywea hapa hapa mpaka nizae."

Akatandika kitenge sakafuni kando ya meza, akanyoosha miguu yake iliyovimba. Watu waliokuja na karatasi zao walimruka.

Saa kumi Zacharie alichukua funguo.

"Mama, toka, nifunge."

"Funga," Chadia akasema. Hakusogea.